Mawe Kumi na Moja ya Gorpu

Sisi watu wa Gomuta tulikombolewa mara nne. Mara ya tano wakombozi walikuta hakuna kuku, wakapita.

Mke wangu Gorpu aliwapikia wote. Nataka kusema habari zake, kwa sababu wenye vita wamekwisha kusemewa vya kutosha. Wana redio, wana nguzo ya saruji. Yeye alikuwa na kinu na mchi.

Nilimwoa alipotoka unyagoni. Baba yake alipokea kola zangu, zile njugu za posa, akazitia mfukoni, akasema, "Chukua. Lakini huyu ana ulimi." Nikadhani ananitania. Tulizaa watatu. Wawili walitangulia wakiwa wachanga, akabaki Tokpa. Tangu hapo yeye akawa Mama Tokpa na mimi Baba Tokpa, na majina hayo hayajatutoka.

Wanawake wengine walisifiwa kwa uzuri au kwa kilimo. Gorpu alisifiwa kwa damboi. Muhogo wake ulipotoka kinuni ulikuwa unavutika kama ulimbo, hauna hata bonge moja. Ulikata tonge, ukalichovya kwenye mchuzi wa pilipili, likateleza lenyewe. Damboi haitafunwi. Humezwa. Mtoto wa kwetu anajua hivyo kabla hajajua kufunga kamba ya kaptula. Anayetafuna ni mgeni, au ni mtu aliyelelewa mbali akasahau kwao. Hatumsemi. Tunatazama pembeni, kama kwa mtu aliyefungukwa na nguo.

Kwanza walikuja askari wa serikali. Walisema waasi wanakuja kutumaliza, wakala bata. Wakaja Wakombozi. Walisema askari ndio waliokuwa wakitumaliza, wakala mbuzi. Halafu Wakombozi wakagombana nani aongoze ukombozi, wakazaliwa Wakombozi Halisi. Hao walikula mbegu za mpunga. Kila kundi lilikuwa na majenerali. Majeshi ya mahali pengine siyajui. Ya kwetu yalikuwa na majenerali wengi kuliko viatu.

Wakombozi ndio waliomchukua Tokpa. Alikuwa na miaka kumi na sita. Walisema anakwenda kubeba mchele hadi barabara kuu, kesho atarudi. Gorpu alimfungia damboi kwenye jani la mgomba.

Kesho hiyo bado sijaiona.

Baada ya hapo alikuja jenerali wao mmoja, akakaa kwetu. Jina lake la vita lilikuwa Usiulize. Alituambia yeye ni mwana wa Gomuta, bibi yake alizaliwa hapa, kwa hiyo tusiogope. Akakaa kwenye kiti changu, akaagiza chakula. Gorpu akaleta damboi. Jenerali akakata tonge, akachovya, akatia kinywani.

Akaanza kutafuna.

Vijana wake wakatazama pembeni. Gorpu hakutazama pembeni.

"Mama, unacheka nini?" akauliza mmoja, bunduki iko magotini.

"Sicheki, mwanangu. Meno yangu yanapigwa upepo."

Usiulize akainua uso. "Kuna mfupa humu."

"Damboi haina mfupa, Jenerali. Lakini tafuna tu, baba. Meno ni yako."

Nilimfuata jikoni. "Unataka tuuawe?"

"Baba Tokpa, mtu huyu anasema ni wa kwetu. Umemwona?"

"Nimemwona. Ana bunduki arobaini."

"Arobaini," akasema, "na hata moja haiwezi kumsaidia kumeza."

Wakombozi Halisi waliweka kambi ng'ambo ya mto. Katikati palikuwa na daraja letu, magogo mawili. Wiki tatu walitazamana. Asubuhi walitukaniana mama, mchana walirushiana sigara. Kuna siku wa ng'ambo waliomba chumvi, wa huku wakawapa, wakatukanwa kwamba ni chache.

Nimewasikia wasomi redioni wakieleza sababu za vita vyetu. Kuna almasi, kuna makabila, kuna nchi za nje. Sibishi. Mimi nilikuwepo kwenye vita vya daraja tu, na sababu yake ilikuwa mbuzi wa Gorpu. Alikuwa jike jeusi, sikio moja limekatika. Asubuhi moja alivuka magogo akaenda kula majani ng'ambo. Wa huku wakapiga kelele, "Rudisheni mbuzi wetu!" Wa kule wakajibu, "Amevuka kwa miguu yake. Amejiunga na sisi." Wakacheka. Kisha mmoja wa huku akaingia darajani kumfuata mbuzi, na mmoja wa kule naye akaingia. Wakakutana katikati. Sijui nani alianza.

Usiulize wakati huo alikuwa amelala kitandani kwangu, tumbo linamsokota. Risasi ya kwanza ikamponya. Alipanda lori, nalo lilikuwa moja tu, akasema anakwenda kuleta msaada. Msaada haujafika.

Vita vilidumu muda wa wali kuiva. Mvua kubwa ikashuka, pande zote mbili zikakimbia. Waliobaki chini walikuwa kumi na mmoja. Jioni mbuzi alirudi nyumbani, mzima.

Wazee wakasema wafu wa vita ni wa wenye vita, tusiwaguse. Gorpu hakubishana nao. Alichukua jembe. Shamba lake la muhogo lilikuwa pale pale karibu na daraja, na udongo ulikuwa laini kwa mvua. Mimi nikachukua jembe la pili, kwa sababu ya aibu. Tulichimba siku mbili. Walikuwa watoto. Wengine wamevaa magauni na nywele za bandia, kwani waliambiwa risasi hazimpati mwanamke. Hukuweza kujua yupi wa huku, yupi wa kule.

"Tutawatenganishaje?" nikauliza.

"Watenganishe wewe uliyewazaa."

Tukawalaza mstari mmoja. Kila mmoja aliwekewa jiwe la mtoni kichwani. Majina hatukuyajua, akawapa ya kwake. Yule aliyezoea kusema asante kila akipewa maji akawa Asante. Kulikuwa na Kiatu Kimoja. Kulikuwa na Kikohozi. Wale ambao sura zao hakuzikumbuka hata kidogo aliwaita Jirani, na walikuwa watano.

Vita vilikwisha kama vilivyoanza, bila kutuuliza. Ilipofika Machi, Jumatano ile ya kupamba makaburi, kila nyumba ilikwenda kwa wafu wake na panga na chokaa. Gorpu alikoroga chokaa yake kwenye ndoo, akaenda shambani kwenye muhogo. Watu walisimama njiani.

"Mama Tokpa, unapamba wezi?" akasema Yamah jirani yetu, mwanamke mwenye sauti ya kuku anayetaga.

"Mwizi naye ana mama."

"Walikula mbuzi zangu sita!"

"Basi njoo upake, uwe karibu na mali yako."

Yamah hakuja mwaka huo. Mwaka wa tatu alikuja na brashi yake, akilalamika tangu mwanzo hadi mwisho.

Na mimi nililalamika. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji. Mwaka mmoja nikasema, chokaa yote hii kwa watu waliolalia kitanda changu na kula kuku wangu? Gorpu hakuinua kichwa. Alikuwa kwenye jiwe la Kikohozi.

"Paka, mzee. Huenda kuna mahali mtu analalamika hivyo hivyo juu ya Tokpa. Na mke wake anamwambia apake."

Nikapaka. Sikulalamika tena mpaka leo.

Miaka ikapita. Usiulize akarudi. Alirudi kwa gari jeupe, shati limepigwa pasi, anaomba kura. Sasa ni Mheshimiwa Kerkula, na bado hatuulizi. Alisimama darajani akalia. Kweli, alilia, kwa kitambaa. Akasema damu ya mashujaa wake imemwagika hapa, na hatakubali isahauliwe. Baada ya mwezi wakaja watu wa saruji. Walizungushia shamba la Gorpu uzio wa waya, wakajenga nguzo ndefu kuliko nyumba ya chifu. Chifu alikuwa na karatasi. Ardhi ile sasa ilikuwa ya historia.

Gorpu alikwenda na mchi. Alikuwa ameanza kuugua, mchi ukawa fimbo ya kutembelea. Mwalimu Dolo wa shule yetu alikuwepo, akamsomea maandishi ya kwenye nguzo. Yalisema hapa Jenerali Kerkula aliongoza vita na kuangusha maadui mia mbili.

"Rudia," akasema Gorpu.

"Mia mbili, Mama."

Gorpu akayatazama mawe yake, kisha akamtazama Mwalimu. "Mimi nilizika kumi na mmoja. Hao mia na themanini na tisa alizika nani?"

Mwalimu akasema hesabu za Waheshimiwa hazifundishwi darasa la nne.

Gorpu hakuinuka tena baada ya siku hiyo. Homa ilimkamata wiki mbili. Mchana mmoja aliniita nisogee.

"Usinipeleke kwa wazee kule kilimani. Unilaze na wangu. Mwisho wa mstari, upande wa mto."

"Kuna uzio, Mama Tokpa."

"Ndiyo maana. Siwaachi na yule mtu peke yao."

Alikufa Jumatano, kabla jogoo hajawika.

Asubuhi hiyo Mheshimiwa alikuwa tayari kijijini kwetu, nyumbani kwa chifu. Jumamosi angefungua nguzo yake. Wageni wangetoka mji mkuu, bendi ingekuja, redio ingekuja. Kwetu maiti haisubiri. Nilikuwa na siku moja ya kumpatia mke wangu mahali alipotaka, au nimpandishe kilimani na kumdanganya kwa mara ya kwanza.

Nilichukua kola tatu, nikaenda.

Alikuwa barazani, ameketi na mtu wake mwenye tai na daftari. Nikatoa kola, nikasema shida yangu.

"Pole sana, mzee wangu," akasema Mheshimiwa. "Yule alikuwa mama yetu sote."

Mwenye tai akatikisa kichwa. "Haiwezekani, mzee. Pale ni mahali pa mashujaa. Watu wa mji mkuu wakikuta kaburi bichi la bibi wa kijiji, litaonekanaje?"

"Litaonekana kama kaburi."

"Mzee, nenda kilimani. Tutakuletea gunia la mchele."

Nikamwambia Mheshimiwa, "Naomba faragha kidogo. Ni mambo ya jikoni."

Akamwashiria mwenye tai aondoke. Nikavuta kigoda.

"Jumamosi," nikasema, "ni siku yako, tena ni siku ya tatu ya mke wangu. Akina mama watatwanga damboi. Kijiji kizima, na wa ng'ambo pia. Sahani ya kwanza itakuwa yako. Utakula mbele ya watu, na redio ipo."

Akaziangalia kola.

"Wakati wa vita ulikula kwangu. Marehemu alikuona. Na mimi nilikuwa mlangoni."

Mkono wake ukapanda ukashika koo. Nimemwona mtu huyu katikati ya bunduki zake arobaini hajali. Sasa jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Unanitishia, mzee?"

"Mimi? Hata fimbo sina."

"Nitasema sina njaa."

"Ukatae chakula cha matanga? Afadhali utafune."

Kuku mmoja alipita barazani, sote wawili tukamtazama. Nilijua anachowaza. Katika kila mkutano wa kura alikuwa akijiita mwana wa Gomuta, mjukuu wa Gomuta, kitovu chake kimezikwa Gomuta.

"Bibi yangu," akasema polepole, "alihama akiwa mdogo. Nilijaribu kujifunza, mzee. Tonge linanikwama."

Kwa mara ya kwanza nilimhurumia. Haikudumu.

"Matanga ni yangu," nikasema. "Naweza kuwaambia akina mama wakupe wali."

"Watauliza."

"Hapo niachie mimi."

Akamwita mwenye tai. Akamwambia aandike kwamba marehemu alikuwa mpishi wa jeshi, azikwe ndani ya uzio.

"Mpishi ni mdogo, Mheshimiwa," akasema mwenye tai. "Wageni watashangaa."

"Basi andika kamanda wa chakula."

"'Wa chakula' tunaweza kuliacha."

Hivyo Kamanda Gorpu akapata cheo. Katika vita vyote vile sikuona mtu aliyepanda upesi kama yeye, na alikuwa amekufa tangu alfajiri.

Tulimzika Alhamisi, mwisho wa mstari, upande wa mto, jirani na Asante. Mpiga tarumbeta wa bendi alikuwa amekwisha kufika, mwenye tai akaamuru ampigie kamanda mara nne.

"Tatu," nikasema.

"Mwanajeshi ni nne."

"Mwanamume ni nne. Mwanamke ni tatu."

"Mzee, huyu ni kamanda!"

Yamah akapenya katikati, mikono kiunoni. "Sikiliza, wewe wa tai. Mimi nimemwosha. Ni tatu."

Tarumbeta ikalia mara tatu.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mheshimiwa alisimama chini ya mwavuli karibu na nguzo. "Hapa nilisimama mimi!" akasema. "Risasi zilianguka kama mvua hii!" Tukapiga makofi. Mwavuli ulishikwa na mtu mwingine, na huyo ndiye aliyelowa. Nyuma yake niliona mstari wa mawe na kile kifusi kipya mwishoni. Nikasema moyoni, umewaona, Mama Tokpa? Hatukuwaacha peke yao.

Ikaja saa ya chakula. Mabakuli ya damboi yakapita, mchuzi unatoa moshi. Mbele ya Mheshimiwa ikawekwa sahani ya wali. Yamah aliiona kabla ya watu wote.

"Ala! Mheshimiwa wetu anaumwa? Mbona kapewa wali kama mzazi aliyejifungua jana?"

Mikono ikasimama juu ya mabakuli. Mtu wa redio akasogeza chombo chake. Mheshimiwa akanitazama, na macho yake yalikuwa ya mtu aliye juu ya gogo moja.

Nilikuwa nimepanga kusema tumbo linamsumbua. Nilisimama niseme hivyo. Sijui kilichonipata. Nadhani ulimi wa mke wangu ulikuwa bado haujazikwa wote.

"Mheshimiwa haumwi," nikasema. "Ameweka nadhiri. Hataonja damboi mpaka atujengee daraja la saruji pale mtoni."

Watu wakapasuka kwa shangwe. Wanawake walipiga vigelegele, wazee waligonga fimbo, bendi ikaingia bila kuambiwa. Mwenye tai alikuwa na kalamu mkononi na haandiki. Mheshimiwa aliinuka, akapunga mkono, akakaa. Alikula wali wake wote. Nao aliutafuna kwa muda mrefu.

Alishinda. Hapa Gomuta alipata kura zote, hata za waliokufa.

Huu ni mwaka wa nne. Daraja ni magogo mawili, moja limeoza. Lakini nadhiri ameishika, na watu wanamsifu. Juzi nilimsikia mmoja akisema, "Miaka minne hajagusa damboi! Yule ni mwanamume." Mwalimu Dolo akakohoa. Mimi nikatazama pembeni.

Kila Machi nachota maji, nakoroga chokaa mwenyewe. Yamah huja na brashi yake. Tunapaka mawe kumi na mawili. La mwisho wameliandika kwa herufi nyeusi, Mwalimu anasema zinasomeka KAMANDA GORPU, na kila mwaka chokaa yangu inazifunika. Mwaka huu Yamah aliniuliza kwa nini siipaki nguzo, maana imeanza kuota ukungu.

"Nguzo ina mwenyewe," nikamwambia.

Kinu cha mke wangu kiko jikoni. Kwetu mwanamume hatwangi, kwa hiyo natwanga mlango ukiwa umefungwa. Najua muhogo unavyochaguliwa, najua maji kiasi gani, nilimtazama miaka arobaini na mbili. Hata hivyo haivutiki. Inatoka na mabonge, nami nakaa peke yangu na bakuli langu.

Siku hizi na mimi natafuna.